Nyonga ya Saruji: Itadumu Miaka Mingapi, na Wewe Ufanye Nini

Ukishaambiwa kwamba nyonga yako haina tiba tena ila kubadilishwa, maswali mawili yatakuwa yamekukaa kichwani kabla hujafika kituo cha daladala. La kwanza ni pesa, na hilo utakaa na ndugu zako mlimalize. La pili ni hili: kitu chenyewe kitadumu miaka mingapi? Hilo ndilo la leo, na nitalijibu kwa aina moja tu ya nyonga bandia, ile inayoshikizwa kwa saruji. Ndiyo iliyokaa muda mrefu zaidi katika miili ya watu, na ndiyo inayowafaa wazee wengi.

Jibu la haraka lipo. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha hesabu zilizotoka katika rejista za Australia na Finland, nchi zinazoandika kila nyonga inayowekwa na kila inayotolewa. Katika kila nyonga 100, takriban 89 zilikuwa bado mahali pake baada ya miaka 15, 70 baada ya miaka 20, na 58 baada ya miaka 25. Humo zimechanganywa za saruji na zisizo na saruji, na zile zilizofikisha miaka 25 ziliwekwa zamani, kwa plastiki duni kuliko ya leo.

Usiichukue hesabu hiyo kama tarehe iliyopigwa muhuri kwenye kopo la maziwa. Umri wako unaigeuza sana. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2017 katika jarida hilohilo ulionyesha kwamba aliyewekewa nyonga akiwa ameshapita miaka 70 ana uwezekano wa takriban 5 kwa 100 wa kurudi kwenye meza ya upasuaji maishani mwake. Mwanamume aliyewekewa mara tu baada ya kutimiza 50, uwezekano wake unapanda hadi karibu theluthi moja. Chuma ni kilekile. Tofauti ni kwamba huyu wa pili ana miaka mingi mbele yake, na ataitumia kutembea, kubeba na kupanda ngazi. Tairi la daladala nalo halizeeki kwa kalenda; linazeeka kwa njia lililopita na mzigo lililobeba.

Saruji hainati

Nyonga ya asili ni gololi ndani ya kikombe. Daktari hukata kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika, hukwangua kikombe cha zamani, kisha huweka vipande vitatu: kikombe kipya cha plastiki ngumu iitwayo polietilini, gololi ya chuma au ya kauri, na shina la chuma linaloshuka ndani ya uwazi wa mfupa wa paja. Kikombe na shina ndivyo vinavyoshikwa na saruji.

Saruji hiyo si ya Wazo Hill wala ya Bamburi. Ni akriliki, ndugu ya ile wanayotengenezea meno ya bandia. Huja ikiwa unga, kwa kawaida gramu 40, pamoja na kichupa cha maji yenye harufu kali. Vikichanganywa vinakuwa uji, halafu donge, halafu jiwe, na safari yote hiyo haizidi sana robo saa. Inapoganda inatoa joto.

Wengi hudhani inanata kama gundi. Hainati hata kidogo. Inapenya katika vitundu vya mfupa, ule ulio kama sifongo, na kujifungia humo. Fundi yeyote anayepiga lipu atakuelewesha upesi kuliko mimi: ukuta wenye vumbi haushiki, ukuta laini haushiki, ukuta uliokwaruzwa na kuoshwa unashika hadi wajukuu. Kwa hiyo madaktari huosha mfupa kwa maji yenye nguvu hadi damu na mafuta vitoke, huweka kizibo chini ya uwazi ili saruji isikimbilie gotini, hujaza kutoka chini kwenda juu kwa bomba mfano wa bunduki, hushindilia, kisha huingiza shina na kulishika lisitikisike mpaka kila kitu kigande. Katika miaka ya 1960 saruji ilisukumwa kwa vidole tu, na bado baadhi ya nyonga hizo zilidumu kuliko wenyewe.

Kinachotafutwa ni koti la saruji lisilo na mapengo, lenye unene wa angalau milimita mbili kulizunguka shina pande zote. Jambo linaloharibu koti hilo ni haraka. Saruji hii inafuata hali ya hewa: chumba kikiwa na joto, inaganda upesi zaidi. Hebu fikiria thieta ya Dar es Salaam mwezi Februari na kiyoyozi kimegoma. Daktari aliyezoea kuwa na dakika fulani za kushindilia ataziona zikimponyoka, na donge litakuwa gumu kabla halijapenya. Ndiyo maana timu inayojua kazi yake huhifadhi saruji mahali pa baridi, na kuna mtu anayetaja dakika kwa sauti. Ukiwa umechomwa ganzi ya mgongoni unaweza hata kuwasikia wakihesabu.

Ninayasema haya kwa sababu sehemu kubwa ya umri wa nyonga yako itaamuliwa katika robo saa hiyo, nawe umelala ubavu huna la kufanya. La kufanya lipo kabla. Uliza: “Samahani daktari, upasuaji huu hapa mnafanya mara ngapi kwa mwaka?” Huku kwetu tunaona haya kumwuliza daktari swali kama hilo, tukidhani ni kumkosea heshima. Si kumkosea. Mwenye mkono uliozoea hujibu bila kukunja uso. Taasisi ya Mifupa Muhimbili hufanya upasuaji huu, Kijabe nchini Kenya hufanya, na wengi bado hupanda ndege kwenda India. Popote utakapokwenda, swali ni lilelile.

Swali jingine la kumwuliza ni kwa nini amechagua saruji, au kwa nini ameikataa. Zipo nyonga zisizo na saruji, ambazo mfupa wenyewe huota na kuzishika, na vijana wengi huwekewa hizo. Kwa mzee mwenye mifupa myepesi mambo ni mengine. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Uingereza wa watu 1,225 waliovunjika shingo ya paja, wote wenye miaka 60 na zaidi, ambao walibadilishiwa kichwa cha mfupa peke yake. Waliowekewa shina la saruji waliishi kwa nafuu zaidi, na mifupa yao ilivunjika kandokando ya chuma mara chache kuliko ya wenzao. Kwa kijana ambaye nyonga yake imekufa kwa ajili ya selimundu, uamuzi ni mgumu kweli. Mifupa yake ina hali yake, na miaka iliyo mbele yake ni mingi. Huyo atafute bingwa aliyekwisha kuwatibu wenye selimundu, hata kama ni mbali.

Halafu, kabla ya tarehe, shusha sukari kama unaugua kisukari, acha sigara, ng'oa au ziba jino bovu, tibu kidonda cha mguuni. Vijidudu vikifika kwenye chuma hicho, habari ya miaka ishirini imekwisha.

Kinachoila taratibu

Koti likiwa zuri, saruji yenyewe haichakai kwa kukaa. Adui wa miaka ni vumbi la plastiki.

Chukua mtu anayepiga hatua 5,000 kwa siku, ambazo si nyingi. Kila nyonga yake inapata 2,500, sawa na zaidi ya mara laki tisa kwa mwaka. Kila mara gololi inajisugua kwenye kikombe, na si kwa uzito wa mwili peke yake. Huko Berlin wataalamu waliwahi kuwawekea wagonjwa nyonga zenye vipimo ndani yake vinavyotuma habari nje. Walikuta kwamba kutembea tu kunaibebesha nyonga mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mtu. Mwenye kilo 70 anaibebesha kilo 175 hadi 210. Kujikwaa, ule mshtuko wa mguu unapokosa ngazi, kulipita mara nane. Hizo ni zaidi ya kilo 560 kwa kufumba na kufumbua.

Plastiki ya zamani ililika takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Milimita mbili kwa miaka ishirini haionekani kuwa kitu. Tatizo ni kule kulikokwenda zile chembe, mamilioni kwa mamilioni, ndogo kiasi kwamba askari wa mwili huzimeza wakidhani ni wadudu. Hawawezi kuzisaga. Wanachokoza uvimbe, na uvimbe huo unakula mfupa unaoishika saruji. Saruji inabaki nzima, chuma kinabaki kizima, ukuta nyuma yake unageuka unga. Na mwenye nyonga anaendelea kwenda sokoni, maana hakuna kinachouma. Katika nyonga hizi mara nyingi ni kikombe kinachotangulia kulegea, shina baadaye.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna plastiki iliyopigwa mionzi ili nyuzi zake zifungamane, nayo inalika kidogo sana kuliko ile ya kwanza. Uliza kama kikombe chako ni cha aina hiyo. Kama kuna mahali pa kuongeza pesa kidogo, ongezea hapo, si kwenye jina la kampuni.

Kipya kinyemi

Wauzaji wa viungo bandia hupenda neno “kizazi kipya”. Mimi neno hilo hunitia wasiwasi, na nitakueleza sababu kwa visa vitatu.

John Charnley, daktari wa hospitali ya Wrightington kule Lancashire, Uingereza, ndiye baba wa nyonga hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutengeneza vikombe vya Teflon, kwa hoja iliyoeleweka: Teflon inateleza kuliko karibu kitu chochote. Wagonjwa kama 300 walisimama na kutembea wakimwombea dua. Baada ya miaka miwili mitatu vikombe vilikuwa vimeliwa vibaya, na Charnley akalazimika kuwapasua tena watu walewale. Mwaka 1962 mchuuzi alileta kipande cha polietilini. Charnley mwenyewe hakukitilia maanani. Fundi wake, Harry Craven, alikiweka kwenye mashine ya kusugulia bosi akiwa safarini, na kilipoonekana hakiliki, Novemba mwaka huohuo kikaanza kutumika. Polietilini inateleza chini ya Teflon, lakini inastahimili. Charnley pia alijichanja paja na kujipandikiza vipande vya plastiki zote mbili ili aone mwili unavyozipokea. Madaktari wa siku hizi hatuwadai kiasi hicho.

Kisa cha pili ni cha mji wa Exeter. Daktari Robin Ling na mhandisi Clive Lee walibuni shina lililopigwa msasa hadi likang'aa kama kioo, likaanza kutumika 1970. Umbo lake ni la kabari. Linapobebeshwa uzito linashuka ndani ya saruji milimita moja au mbili katika miaka ya mwanzo, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyokaza, kama kabari ya mpini wa shoka. Mwaka 1976 ung'avu ule ukaachwa, shina likatengenezwa likiwa na uso wa kukwaruza. Badiliko lilionekana dogo, na mtu angedhani kinachokwaruza kitashika zaidi. Kikawa kinyume: shina likitikisika kidogo linaisaga saruji, na yakalegea mengi kuliko ya kwanza. Mwaka 1986 wakarudi kwenye kioo. Mashina ya ukoo huo yangali yakitumika duniani kote.

Cha tatu ni saruji iliyoitwa Boneloc, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sifa kwamba haitoi joto jingi inapoganda. Norway ilikuwa na rejista ya nyonga tangu 1987, na rejista hiyo ikaona upesi kwamba nyonga za Boneloc zinalegea kabla ya wakati. Mwaka 1995 ikaondolewa sokoni. Bila daftari lile, kila daktari angeona wagonjwa wake wawili watatu na kusema ni bahati mbaya.

Kwa hiyo ukiletewa nyonga mpya, swali si “ni ya kisasa?” Uliza: “Hii imehesabiwa kwa miaka mingapi, na wapi?” Sweden inahesabu tangu 1979, Uingereza na Wales tangu 2003. Malawi, jirani yetu, ilianzisha rejista yake ya kitaifa mwaka 2005, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zaidi hazijalifanya. Uingereza kuna jopo, ODEP, linalozipa nyonga alama kwa ushahidi wa miaka: 10A*, 15A* na kuendelea, namba ikiwa ni miaka. Kigezo chao ni kwamba zisizidi 5 katika 100 zinazorudiwa ndani ya miaka kumi. Jina la nyonga unayotaka kuwekewa ukilijua, alama yake utaipata kwa simu yako.

Stika

Hapa nitamsema shangazi yangu, naye ameniruhusu. Alifanyiwa upasuaji nje ya nchi, ukaenda vizuri, akarudi na vitenge na kovu safi. Miaka kumi na mbili baadaye kikombe kikaanza kulegea. Daktari wa hapa nyumbani akauliza: shina la aina gani, gololi ya milimita ngapi? Hakuna aliyejua. Kadi ilikuwa imebaki kwenye faili la hospitali ile, CD ya picha ilikuwa imekwaruzika, na barua pepe zetu hazikujibiwa. Kama wangejua kwamba shina ni zima na linaoana na gololi gani, wangeliacha na kubadilisha kikombe peke yake. Kwa kutojua, iliwabidi kuagiza vifaa vya kila namna na kusubiri miezi.

Kila kipande cha nyonga, na kila pakiti ya saruji, huja na stika yenye jina, kipimo na namba ya toleo. Zinabandikwa kwenye faili siku ya upasuaji. Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, omba stika za ziada au nakala. Zipige picha kwa simu, mtumie mwanao, mtumie na yule mpwa asiyepoteza kitu. Chukua pia picha ya eksirei ya kwanza kabisa, ile iliyopigwa siku chache baada ya upasuaji. Thamani yake utaiona miaka kumi baadaye, kwa sababu nitakazozieleza.

Kuishi nayo

Miezi mitatu ya kwanza hofu kubwa ni gololi kuchomoka kikombeni. Vitabu vya Ulaya vitakuambia usikae kwenye kochi la chini na usivuke miguu. Havitakuambia habari za kibao cha mbuzi, na kukuna nazi juu ya kile kibao, magoti juu na kiuno chini, ndiyo njia fupi ya kuichomoa nyonga mpya. Achia wengine kazi hiyo, au nunua nazi iliyokwisha kukunwa. Kigoda cha jikoni kiende zake. Mkekani usikae. Ukikaa kitini usikunje nne. Kiti kiwe kirefu kiasi kwamba magoti yako hayapandi juu ya nyonga.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kikwazo halisi, na ajabu ni kwamba watu wengi huruhusiwa kurudi nyumbani bila kuulizwa wana choo gani. Kabla ya upasuaji, mpe seremala kazi: kiti cha mbao chenye tundu, imara, cha kuweka juu ya shimo, na nguzo ya kushikilia pembeni. Hicho ukitumie maisha yote, si miezi mitatu. Mwenye kusali akae kitini. Misikiti ya pwani ina viti safu nzima siku hizi na hakuna anayekushangaa. Bodaboda isubiri, kwa sababu ya kutanua mapaja na kwa sababu ya ajali.

Fimbo au gongo moja linashikwa mkono wa upande wa pili, si upande wa mguu uliopasuliwa. Ninawaona watu barabarani wamekosea hili kila wiki. Ukiishika upande wa mguu mbovu unauelemea zaidi.

Baada ya hapo, tembea. Nyonga haikuwekwa ili ipumzike. Kutembea, kuogelea, baiskeli kwenye tambarare, yote sawa. Kukimbia, kuruka na mpira wa miguu, hapana. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 zinazozidishwa kila hatua. Chota nusu nusu, au toroli. Kilo zako mwenyewe nazo zinazidishwa vilevile, na hizo huzitui mlangoni.

Muhimu kuliko yote ni kutoanguka. Baada ya miaka mingi mfupa wa mzee unakuwa mwepesi huku shina ndani yake likiwa gumu lilelile. Akianguka, mfupa hupasuka kandokando ya chuma, na upasuaji wake ni mzito. Toa mikeka inayoteleza. Weka taa au tochi kati ya kitanda na choo. Ndala zilizolika zitupwe.

Kidonda kikiendelea kutoa majimaji zaidi ya wiki moja baada ya upasuaji, rudi kwa aliyekupasua siku hiyohiyo. Usikubali vidonge vya duka la dawa. Vidonge hivyo hutuliza homa na kuwaficha wadudu kwenye chuma hadi wanapokuwa hawaondoki tena bila kuitoa nyonga yote. Na hata baada ya miaka kumi, jipu, mkojo unaochoma au jino lenye usaha vitibiwe mapema, kwani wadudu husafiri kwa damu.

Picha ya wakati haiumi

Kama utakumbuka jambo moja katika yote haya, liwe hili: nyonga ya saruji inapigwa picha ikiwa haina maumivu. Nilikwisha kusema mfupa unaliwa kimyakimya. Ukingoja uume, daktari atakuta shimo pale palipotakiwa kushikilia kikombe kipya. Uingereza, kwa muda mrefu ratiba iliyopendekezwa ilikuwa picha mwaka wa kwanza, kisha karibu mwaka wa saba, kisha kila miaka mitatu. Huku kwetu mtu huagwa mwaka wa kwanza kwa kuambiwa “ukipata shida uje”. Maneno hayo ni ya ukarimu lakini ni mabaya. Jipangie mwenyewe.

Picha ziwe mbili, ya mbele na ya ubavu, nazo zioneshe saruji yote mpaka inapoishia chini pajani. Picha inayokatia nusu ya shina irudiwe. Daktari atatafuta mstari mweusi kati ya saruji na mfupa. Saruji imetiwa madini yanayoifanya ionekane nyeupe, kwa hiyo mstari huo hujitokeza. Mstari mwembamba uliokuwepo tangu mwanzo na haujasogea si kitu. Unaotanuka, au uliozidi milimita mbili, ni habari nyingine. Na atajuaje kama umetanuka? Kwa kuilinganisha na ile picha ya kwanza uliyoihifadhi.

Maumivu yakija, mahali na wakati wake vinasema mengi. Maumivu ya pajani yanayokushika unaponyanyuka kitini, yakapungua baada ya hatua chache, hunong'ona kwamba shina linacheza. Ya kinenani huelekeza kwenye kikombe. Yanayokaa usiku na mchana hata umelala humfanya daktari afikirie wadudu kwanza. Mguu ukifupika polepole, au ukaanza kuchechemea bila sababu, nenda. Ukifupika ghafla na kupinda baada ya kuanguka, usisubiri asubuhi.

Kurudia upasuaji si mwisho wa dunia, ingawa ni kazi ndefu kuliko ya kwanza na nyonga ya pili kwa kawaida haidumu kama ya kwanza. Saruji ikiwa bado imeshika mfupa vizuri, daktari anaweza kuchomoa shina, akaiacha saruji ya zamani na kumimina nyepesi juu yake, kisha akaingiza shina jipya. Ndiyo nafuu moja ya shina lililong'arishwa: linachomoka. Wadudu wakiwa ndio chanzo, mara nyingi huondolewa kila kitu, ikawekwa kwa muda saruji yenye antibiotiki, na nyonga mpya ikangoja wiki kadhaa.

Wewe uliyewekewa yako zaidi ya miaka saba iliyopita, unayesoma haya ukiwa umekaa vizuri bila maumivu yoyote, na hujapigwa picha tangu mwaka ule wa kwanza: nenda mwezi huu, na ile picha ya zamani uibebe.